Chuma cha G Iliyolala

Ranchi ya Vavra,
Nebraska.
Tarehe 7 Juni

Mdogo wangu Galen,

Nakusalimu kwanza, mengine yasubiri mlangoni. Hujambo wewe, na mkeo hajambo? Umepona kile kikohozi, au bado unajidai kwamba hewa ya California haina vumbi? Sisi huku hatujambo. Mvua imetosha, majani yamefika magotini, na upepo ni uleule unaoujua, wa kumvua mtu kofia akiwa anasalimia. Baba naye hajambo, ingawa habari zake ni ndefu, na ndizo zilizonikalisha kwenye meza ya jikoni na kalamu mkononi huku vyombo vya mchana havijaoshwa.

Barua yako niliipata. Umeuliza swali moja tu, na mimi nakujua tangu ukiwa unatambaa: ukiuliza swali moja, ndilo linalokunyima usingizi. Umeuliza kama chuma chako cha kupigia chapa kimerudi ukutani bandani. Ukasema kama kipo utakuja nyumbani kiangazi hiki, na kama hakipo nisijisumbue kukupamba maneno, utajua Baba amekufuta na hutakanyaga tena huku. Haya. Nimekwenda bandani leo asubuhi nikatazama kwa macho yangu. Ukutani kuna vyuma viwili, cha Baba na changu, na katikati yake kuna msumari mtupu.

Usiikunje barua. Nikikupa jibu hilo peke yake utalielewa vibaya, kwa hiyo kaa kitako unisikilize, na safari hii usinikatize, maana kwenye karatasi huwezi.

Nitaanzia Lincoln, kule bunge la jimbo, kwa sababu ulichokiona wewe ni Baba kwenye kioo cha kompyuta, na kilichotangulia hukukiona. Ule mwaka wa muswada, jirani yetu Eldon Stroh alikuja hapa jikoni, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti chako. Akasema jimbo linataka kupitisha sheria ya kupiga marufuku nyama ya maabara, ile inayooteshwa kutoka kinofu cha mnyama aliye hai, isitengenezwe, isiingizwe, isigawiwe wala kuuzwa, na kila mfugaji mwenye ulimi aende akaseme mbele ya wajumbe. Halafu akacheka, akasema mjini watu wanaulizana kama Delmar Vavra atathubutu, na mwanawe mwenyewe ndiye anayeipika hiyo nyama kwenye matangi. Alicheka peke yake. Baba alikuwa anakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Wewe umeondoka siku nyingi, lakini hili hujalisahau: hapa mtu hapigi chapa ndama mia mbili peke yake. Siku yako majirani wanakuja na farasi na kamba, wanashika, wanachanja, wanachoma, na siku zao nawe unakwenda kwao. Mfugaji anayesuswa na majirani huyo anauza ardhi kabla theluji haijaanguka. Baba alilijua hilo kuliko mimi na wewe. Akavaa tai yake ya mazishini, akaenda.

Sio wote waliosema kama yeye, na hilo pia ulijue. Kuna wafugaji waliosimama siku ileile wakasema waacheni hao wa maabara waje sokoni, tutawachapa hukohuko. Lakini wewe ulimsikiliza mmoja tu. Alisema mambo mengi kuhusu babu na bibi na vilima hivi, na mwishoni akasema lile neno, kwamba kinachooteshwa kwenye tangi, hata kama anayekiotesha ni mwanangu wa kumzaa, si nyama. Sheria ikapita. Ukapiga simu. Mimi nilisikia upande wa huku tu, nao ulikuwa "ndiyo" mbili na "hapana" moja, kisha simu ikawekwa. Baba akatoka kwenda bandani, akarudi na chuma chako begani, akakitupa nyuma ya pikapu. Nilimuuliza anakipeleka wapi. Akaniambia nishughulike na sufuria zangu.

Nilikusimulia hayo wakati wa Krismasi na nikajuta, kwa sababu najua chuma kile ni nini kwako. Ulikipata siku uliyotimiza miaka kumi, G iliyolala chali, na Eldon akawatangazia watu wote kwamba chapa imemfaa mwenyewe, maana hata mtoto amelala hadi saa nne. Ulilia. Halafu ukalala nacho kitandani, Mama akanionyesha kwa kidole mlangoni, tukajiziba midomo tusicheke.

Sasa nije kwenye sanduku lako. Lilifika mwezi wa nne, siku mbili kabla ya Baba kutimiza themanini. Yule kijana wa vifurushi aliniuliza kama nimeagiza samaki. Nikasema ndiyo, samaki, Mungu anisamehe. Nilipofungua, barafu kavu ikatoa moshi jikoni kote, na chini yake nikaona vifurushi vya karatasi nyeupe ya bucha, vimefungwa kwa utepe, na juu umeandika kwa penseli "63". Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, nikakaa.

Ulikuwa umeniambia kwenye simu kwamba ni zawadi ya Baba, imetoka kwenye kile kinofu ulichokitoa begani kwa ng'ombe wake, Sitini na Tatu, kile kiangazi ambacho Baba mwenyewe alikushikia kamba na kukutania kwamba ukubwa wa punje ya harage hautamshibisha hata panya. Sawa. Lakini Galen, wewe mtu wa maabara, mwenye shahada mbili, hivi hukuona hata sanduku moja la rangi huko? Hakuna plastiki California? Unatuma kitu kilichokatazwa na sheria ya jimbo zima, halafu unakifunga vilevile Mama alivyokuwa akifunga, na namba ya hereni ya ng'ombe juu yake! Kwenye friza la nyumba hii kila kitu ni karatasi nyeupe na namba ya penseli. Hilo ni kosa la mtoto wa ranchini na si la mwanasayansi.

Nilivizika chini kabisa kwenye friza la bandani, chini ya nyama ya kulungu na mifuko ya mahindi. Nikajiambia nitamwambia Baba siku moja akiwa na moyo mweupe. Siku hiyo niliingoja, na kusema kweli nilikuwa namwogopa.

Siku ya chapa ikafika, Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tano. Majirani walikuja wote. Eldon alikuja na jiko lake la gesi la kuchomea nyama na aproni yake, na mkewe Marcella akaliteka jiko kabla sijamkaribisha. Mkuu wa polisi wa kaunti alikuja na farasi wake mpya wa kujionyesha. Na Eldon akatoa mzaha wake wa kila mwaka, kwamba hakuna mfugaji anayeijua ladha ya ng'ombe wake, maana kila mtu anakula ng'ombe wa jirani, kwa hiyo leo tumekuja kwa Delmar kuonja ng'ombe wetu. Watu wakacheka walivyocheka mwaka jana. Mimi nilipewa sindano za chanjo. Baba alishika vyuma mwenyewe, akakataa katakata kuwaachia vijana, na kwa magoti yale aliinuka na kuinama asubuhi nzima hadi nikawa simtazami.

Mchana tukanawa mikono. Nikapita jikoni kuchukua viazi, na kwenye ubao wa kukatia nikaona karatasi nyeupe imekunjuliwa, ina "63". Nikamuuliza Marcella nyama hii ameitoa wapi. Akasema si niliiacha mwenyewe juu ya meza, imeshayeyuka, naye akaifinyanga baga na kumpelekea Eldon kwenye moto, na kwa nini nimekuwa mweupe hivyo, nikae nipepewe? Sikuwa nimeacha nyama yoyote juu ya meza. Nikadhani amechanganya mambo, maana Marcella hufanya kazi huku anaongea, na asipokuwa na wa kuongea naye huongea na kabati.

Nilipotoka nje, tayari. Baga zilikuwa kwenye sahani. Mkuu wa polisi alikuwa na haradali kidevuni. Ningefanya nini, nipige kelele wateme? Nikapeleka viazi.

Na wakasifu, mdogo wangu. Nakuandikia kama walivyosema, siongezi chumvi. Eldon Stroh, aliyekwenda Lincoln mara tatu kwa mafuta yake mwenyewe, alikula ya kwanza kimya, akachukua ya pili, akasimama na uma mkononi akamwuliza Baba leo amechinja nini, mbona anatuficha? Akasema hii ndiyo nyama, na wale wa California waje waonje hii halafu wakafunge vijumba vyao vya kioo wakatafute kazi. Watu wakapiga meza. Mkuu wa polisi akauliza kama zimebaki. Marcella akasema siri ni vitunguu, na mimi najua hakuna kitunguu kilichoingia mle.

Baba alikuwa anatafuna polepole. Akameza, akafuta masharubu, akasema bila kuinua sauti kwamba hii ni Sitini na Tatu.

Watu wakageuza shingo, na unajua kwa nini. Kule ng'ambo ya uzio, hatua chache kutoka mezani, Sitini na Tatu alikuwa amesimama anamlilia ndama wake kwa sauti yake yote. Hereni ya njano inang'aa sikioni, namba unaisoma bila miwani. Mtu mmoja akacheka kidogo akaacha. Eldon akasema taratibu, "Delmar, rafiki yangu, Sitini na Tatu si ndiye yule pale anayetupigia makelele?" Baba akageuka, akamtazama yule ng'ombe, akasema naam, ndiye huyo, hajambo, na akaomba apewe chumvi.

Hakuna aliyecheka tena. Watu walitazama sahani zao, vile unavyotazama pembeni mzee akisahau kufunga zipu. Hata mkuu wa polisi aliacha kuomba nyingine.

Baada ya chakula Eldon alinivuta nyuma ya trela la farasi. Alivua kofia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huanza hivihivi, mama yake alianza hivihivi, alikuwa akiwasalimia watu waliokwisha kuzikwa. Akasema hakutaka kuniambia mbele za watu, lakini hata asubuhi mzee alichanganya vyuma. Kuna ndama mmoja alipigwa chapa isiyo yetu. Eldon alikuwa ameshika miguu ya nyuma, moshi ulimwingia machoni asiione herufi vizuri, ila V ya nyumba hii haikuwa. Alinyamaza kwa kumstahi. Akanishauri nimpeleke kwa daktari mapema, na kama kuna shida yoyote ya kazi, wao wapo, watakuja na farasi hata mara kumi. Alikuwa na machozi, Galen. Mimi nimemnunia Eldon tangu siku ile ya kiti chako, lakini pale nyuma ya trela sikuweza.

Nami nikanyamaza. Ningesema nini? Nikitetea akili ya Baba, nimemkabidhi kwa mkuu wa polisi ambaye farasi wake yuko zizini kwetu, na wewe nimekutaja. Nikinyamaza, jirani zetu wote wanakwenda nyumbani wakijua Delmar Vavra amerukwa na akili. Nikachagua kunyamaza, na niliona aibu mno. La kuuma zaidi, mwenyewe sikujua. Kama Baba anajua alichokula, nani alimwambia? Na kama hajui, basi Eldon amesema kweli, maana mtu timamu hamtaji ng'ombe aliye hai kuwa ndiye kitoweo, na mfugaji wa miaka sitini hachanganyi chapa. Hapa mtu akipiga chapa isiyo yake anaitwa mwizi au anaitwa mgonjwa.

Nikampeleka kwa daktari, mjini North Platte. Alivaa tena ile tai ya mazishini, ndipo nikajua kwamba na yeye ameogopa. Daktari ni binti mdogo, mpole, ana mikono baridi. Akamwuliza tarehe, akamwuliza mwezi, akampa maneno matatu ayashike. Akamwambia achore saa. Baba akachora, kisha akamwuliza kama anaitaka na mshale wa sekunde. Akaambiwa ahesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kuruka saba saba, akaporomosha mpaka binti akapotea yeye. Baba amehesabu ng'ombe langoni maisha yake yote, utamshinda kwa hesabu? Mwisho daktari akaniambia akili ya mzee ni nzima kuliko ya wengi wetu, magoti ndiyo mabovu, na apunguze sukari.

Nilifurahi, nisikudanganye, nilifurahi hadi nikambusu yule binti. Lakini nikiwa natafuta funguo kwenye mkoba, jambo lingine likanijia. Ikiwa akili ni nzima, basi hakukosea. Yote mawili alikusudia.

Nikamwuliza njiani. Tukauvuka mto kwanza, unamjua. Kisha akasema sanduku lako alilipata wiki ileile lilipofika, akiwa anatafuta aiskrimu ambayo namfichia mle frizani. Akaona namba. Akajiambia Sitini na Tatu nimemwona asubuhi akinywa maji, sasa huyu frizani ni nani? Hakuuliza mtu. Akachukua kifurushi kimoja, akangoja mimi niende kanisani, akakaanga kipande kwenye kikaango cha Mama kwa chumvi tupu, akala amesimama.

Hapo nikadhani amemaliza, kumbe anavuta pumzi. Akaniuliza kama nimewahi kufikiri ni ng'ombe gani tunaowala sisi. Nikasema hapana. Akasema tunakula walioshindwa. Asiyezaa, aliyevunjika mguu, dume asiye na mwili. Ng'ombe bora humchinji, unamwacha azae mpaka azeeke, na akizeeka nyama yake haitafuniki. Miaka themanini amekula walioshindwa, na ladha ya ng'ombe wake bora aliyemlea kwa mkono hakuwahi kuijua. Akasema, "Sasa nimeijua, na ng'ombe mwenyewe yuko malishoni anacheua." Akatazama dirishani, nami nikatazama barabara.

Halafu akasema lile ambalo ndilo limenikalisha hapa kukuandikia. Alisema kwamba kule Lincoln alisema mambo mengi na mengi anayashikilia. Nyama hiyo ikijaa madukani, Eldon atauza ardhi, na sisi tutafuata, na vilima hivi vitabaki vya mbweha. Kwa hilo hajabadilika, na usije na mikutano yako kumbadilisha. Lakini neno moja aliongopa. Alisema si nyama, na hakuwa ameionja. Akasema baba yake angemtandika kwa kutoa ushahidi wa kitu asichokijua, tena dhidi ya mtoto wake, tena mbele za watu.

Nikamwuliza, basi mbona asinipe mimi ujumbe, mbona awalishe kaunti nzima? Akasema baya alilokusema alilisema hadharani, hawezi kulifuta kwa kunong'ona jikoni. Kurudi Lincoln hawezi, hawamwiti tena. Kwa hiyo aliamua atasema mezani kwake, mbele ya walewale, baada ya kuwa wameionja kama alivyoionja. Vifurushi alivitoa mwenyewe alfajiri, akaviweka mezani, maskini Marcella hakuwa amechanganya chochote. Na akasema ukweli, akautaja kwa namba, mbele ya mkuu wa polisi na mashahidi wote, "wakanipeleka kwa daktari!" Alicheka, Galen. Alicheka hadi akakohoa, na mimi nikalazimika kusimamisha gari kwa sababu nilikuwa sioni barabara.

Nilipopata pumzi nikamwuliza kama tuwaambie. Akaniambia nisithubutu. Eldon akijua alikula mbili hatalala mwaka mzima, na mwakani nani atamshikia ndama? Waache wamwone mgonjwa, alisema, mgonjwa hupewa msaada zaidi.

Tulipofika nyumbani akanionyesha kwa kidole nisisimame, nipitilize hadi malishoni. Nikapitiliza. Sitini na Tatu alikuwa upande wa kinu cha maji na ndama wake, jike, mwekundu, uso mweupe, mguu mmoja wa nyuma mweupe hadi gotini, mzuri wa kumtazama. Nikazima injini. Ndama akageuka kututazama, na ubavuni, kwenye kigaga kipya cha jeraha, nikaiona. G iliyolala chali.

Baba ndiye aliyesema, na nakuandikia neno kwa neno kwa sababu alinitaka nifanye hivyo: "Mwandikie mdogo wako. Mwambie ana ndama huku, na mimi si mchungaji wa ng'ombe wa watu. Aje amtazame mwenyewe."

Akanyoosha mkono nyuma ya kiti cha pikapu akakitoa chuma chako. Kimekaa humo humo siku zote, kina masizi mapya. Ile siku ya Lincoln alikuwa anakipeleka kwenye vyuma chakavu, akasema, akafika getini kwa yule jamaa, akageuza gari. Nikamwambia basi nipe nikitundike ukutani, nimwandikie Galen kwamba kipo. Akakivuta kwake. Akasema chuma hutundikwa na mwenye chapa, kazi ikiisha, na msumari ule hautaguswa na mtu mwingine.

Sasa umepata jibu la swali lako. Ukutani hakipo.

Salamu zako ni nyingi, nikizipunguza nitagombana na watu. Marcella anakusalimu. Eldon anakusalimu sana. Amenisimamisha posta jana, akaniambia mambo ya sheria ni mambo ya sheria, lakini mzee anateleza, na kama nina namba yako nikuite uje haraka kabla hajasahau jina lako. Nikamshukuru, nikainamisha kichwa. Ukija, msalimu vizuri, na ukiulizwa hali ya Baba usicheke. Na usije na sanduku lolote, tafadhali, mkuu wa polisi bado anaulizia ile nyama.

Mkeo mpe mkono wangu. Baba hajambo, amelala kwenye kiti, na aiskrimu ameipata tena sijui wapi. Sitini na Tatu hajambo. Ndama wako hajambo.

Mimi dada yako anayekungoja,
Rhonda